Ukinzani Hupunguza Moto au Huuongeza? Hesabu ya Volti, Ampea, Omu na Wati

Geuza birika la umeme, likiwa tupu na plagi imechomolewa, usome lebo iliyo kwenye kitako. Mengi yanayouzwa madukani kwetu yameandikwa hivi: 220–240V, 50/60Hz, 1850–2200W. Mnunuzi huishika namba ya mwisho, maana ndiyo kubwa, akarudi nyumbani akisema amenunua birika la wati 2,200. Lakini mbona wati zimeandikwa mbili? Birika ni moja, koili iliyo ndani yake ni moja, na hakuna kitufe cha kupunguza wala kuongeza moto.

Jibu limo humo humo kwenye lebo. Chukua volti 240, zizidishe zenyewe kwa zenyewe upate 57,600, kisha ugawe kwa 2,200. Jibu ni 26.18. Sasa chukua jozi ya chini: 220 mara 220 ni 48,400, gawa kwa 1,850 upate 26.16. Namba ni ileile. Kiwanda hakikuiandika, lakini ndiyo iliyo mali ya birika lenyewe: ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, omu 26 na kidogo. Wati si mali ya birika peke yake. Ni matokeo ya birika kukutana na umeme wa nyumba yako, na umeme wa nyumba yako haujui kilichoandikwa kwenye lebo.

Kwa hiyo Tanzania, ambako umeme wa majumbani umepangwa kuwa volti 230, birika hilo si la 1,850 wala la 2,200. Ni la 230 × 230 ÷ 26.17, yaani wati 2,020 hivi, na linavuta ampea 8.8. Hiyo ni pale ambapo volti 230 zimefika kweli kwenye soketi. Zisipofika tutaona.

Kanuni mbili, na tofauti yake

Volti inaeleza chaji imebeba nishati kiasi gani: volti 230 maana yake ni jouli 230 kwa kila kulombi 1 ya chaji inayopita kwenye kifaa. Ampea, kipimo cha mkondo, inaeleza chaji inapita kwa kasi gani: ampea 1 ni kulombi 1 kwa sekunde. Zidisha jouli kwa kulombi na kulombi kwa sekunde, kulombi zinajikata, zinabaki jouli kwa sekunde. Jouli 1 kwa sekunde ndiyo wati 1. Ndiyo maana nasema P = V × I (wati ni volti mara ampea) haistahili kukaririwa kama aya. Ukishajua vipimo vinasema nini, fomula imo ndani yake, na kwa volti na ampea za papo moja inafanya kazi kwa kifaa chochote, kiwe pasi, redio au radi.

Omu ni habari nyingine. V = I × R (volti ni ampea mara omu) haitokani na maana ya vipimo; ilibidi mtu akaipime. Mtu huyo ni Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari mjini Köln, Ujerumani. Tatizo lake kubwa lilikuwa betri za zama zile, ambazo zilichoka katikati ya kipimo, hivyo huwezi kujua kama mkondo umepungua kwa sababu ya waya au kwa sababu ya betri. Akaachana nazo. Akatumia kiungio cha shaba na metali iitwayo bismuthi, upande mmoja ukiwa ndani ya maji yanayochemka na mwingine ndani ya barafu. Volteji inayotoka hapo ni ndogo sana lakini haiyumbi, maana maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka havibadili joto lake ovyo. Kwa chanzo hicho tulivu akawa anabadilisha waya, mrefu na mfupi, akisoma mkondo. Alichapisha matokeo kamili mwaka 1827. Wataalamu wengi wa kwao walimpokea kwa ubaridi. Heshima ilimjia kutoka London, ambako Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, ilimpa medali ya Copley mwaka 1841. Mwaka huohuo James Joule, kijana wa familia ya watengeneza bia karibu na Manchester, alichapisha kanuni ya pili tunayoihitaji: joto linalozaliwa kwenye waya hufuata mraba wa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani.

Sasa unganisha. Ukiweka I = V ÷ R ndani ya P = V × I, unapata P = V² ÷ R. Ukiweka V = I × R, unapata P = I² × R. Zote ni sahihi. Na ukizitazama harakaharaka, zinapingana: ya kwanza inasema ukinzani ukipanda moto unashuka, ya pili inasema ukinzani ukipanda moto unapanda. Wanafunzi hubishana juu ya jambo hili hadi taa za bweni zinazimwa, na nimesikia mafundi wenye leseni wakilijibu kwa kuchagua fomula wanayoipenda.

Swali la kuuliza kabla ya kushika fomula ni moja tu: hapa kitu gani kimefungwa kisibadilike, volteji au mkondo?

Kifaa kilichochomekwa kwenye soketi kimepewa volteji. Transfoma ya mtaa inajitahidi kuishikilia pale pale, uchomeke kifaa cha namna gani. Kifaa ndicho kinachoamua mkondo, kwa ukinzani wake. Hapo V² ÷ R ndiyo inayosema wazi: ukinzani mdogo, wati nyingi. Birika la wati 1,000 kwa volti 230 lina omu 52.9, la wati 2,000 lina nusu yake, omu 26.45. Na ukinzani ukishuka karibu na sifuri, kama pale waya mbili zinapogusana, wati zinaruka juu ghafla na breka inajikata. Hiyo ndiyo shoti.

Waya unaopeleka umeme kwenye birika uko katika hali tofauti. Wenyewe haukuchagua mkondo. Umepewa na birika, ampea 8.8, uupitishe. Hapo I² × R ndiyo ya kutazama, na kila omu inayoongezeka kwenye njia ni moto unaoongezeka mahali usipoutaka.

Balbu za zamani, zile za uzi, zinaonyesha mgeuko huu vizuri kuliko maelezo yangu. Chukua ya wati 40 na ya wati 100. Kila moja ikiwa kwenye soketi yake, ya 100 inang'aa zaidi, bila shaka. Sasa zifunge kwa mfululizo, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili. Ya 40 inawaka, ya 100 inabaki kama kaa la mkaa linalokaribia kuzima. Balbu hazikubadilika. Kilichobadilika ni kilichofungwa: mwanzo zilikuwa zinashiriki volteji, sasa zinashiriki mkondo, na kwa mkondo mmoja mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayepata joto kubwa.

Umeme mdogo haukupunguzii uniti

Nyumba zilizo mwisho wa laini, mbali na transfoma, zinajua maana ya umeme mdogo. Saa moja jioni kila mtu amewasha, na soketi iliyotakiwa kuwa na volti 230 inabaki na 180. Watu husema umeme umepungua robo hivi, kwa hiyo pasi itapata moto pungufu kwa robo. Hapana. Koili ina ukinzani uleule, kwa hiyo volteji ikishuka, mkondo nao unashuka, na wati zinapata hasara mara mbili. 180 ÷ 230 ni 0.78, ipige mraba, unapata 0.61. Pasi ya wati 1,000 imekuwa ya wati 610. Birika letu la 2,020 limekuwa la 1,240.

Linafuata swali ambalo watu huliuliza kwa matumaini: je, basi LUKU, mita yetu ya kulipia kabla, inakula kidogo? Tupige hesabu. Kuchemsha lita 1.5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji jouli 4,186 kwa kila kilo kwa kila nyuzi moja: 4,186 × 1.5 × 75, jumla jouli 470,900 hivi. Uniti 1 ya LUKU ni kilowati kwa saa moja, yaani jouli 3,600,000. Kwa hiyo chai hiyo ni uniti 0.13, umeme uwe mkubwa au mdogo. Tofauti ni muda. Kwa volti 230 birika linamaliza kazi kwa dakika 4 hivi, kwa volti 180 linahitaji dakika 6 na zaidi. Na katika dakika hizo za ziada birika linapoteza joto kwa kuta zake na kwa mvuke, kwa hiyo umeme mdogo unakula uniti zaidi kidogo.

Hesabu hiyohiyo inawahusu ndugu wanaotuma vifaa kutoka Marekani, ambako soketi ina volti 120. Pasi ya huko ya wati 1,200 ina ukinzani wa omu 12. Ichomeke Dar es Salaam bila transfoma ya kushusha: 230 ÷ 12 ni ampea 19, na wati ni 4,400. Huo ni mkondo unaozidi hata kiwango cha fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi zetu za miguu mitatu ya bapa. Tatizo ni kwamba adapta ya plagi inabadilisha miguu tu, haigusi volti, na mara nyingi haina fyuzi yoyote. Ukienda nalo birika lako huko upande wa pili hakuna hatari, kuna uvumilivu tu: 120 × 120 ÷ 26.17 ni wati 550, na lita 1.5 zitachemka baada ya robo saa.

Soketi inayoyeyuka

Turudi kwenye waya, maana hapa ndipo hesabu inapookoa nyumba.

Shaba ni kipitishi kizuri lakini ina ukinzani wake. Waya laini wa milimita za mraba 0.75, ambao ndio umejaa kwenye ekstensheni za bei poa, una ukinzani wa omu 26 kwa kila kilomita. Inaonekana si kitu. Ekstensheni ya mita 20 ina waya wa kwenda na wa kurudi, mita 40 jumla: omu 1.04. Chomeka birika letu mwishoni. Ukinzani wote sasa ni omu 27.2, mkondo ni ampea 8.45, na ekstensheni peke yake inazalisha 8.45 × 8.45 × 1.04, yaani wati 74. Birika limepoteza volti karibu 9 njiani.

Wati 74 zikitandazwa mita 20 ni chini ya wati 4 kwa mita. Waya unakuwa vuguvugu, basi. Lakini ni nani anayeitandaza ekstensheni yote? Iliyobaki huachwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake chini ya meza, na zile wati 74 zinajikusanya kwenye fungu moja la plastiki lisilo na hewa. Baada ya nusu saa ya pasi yenye wati kama za birika letu, ganda la ndani linaweza kuanza kulegea, na hakuna breka itakayojikata, kwa sababu ampea 8 ni halali kabisa kwa breka.

Kibaya kuliko urefu ni mguso mbovu. Soketi iliyolegea, skrubu isiyokazwa, plagi yenye kutu kidogo: kila kimoja kinaweza kuongeza nusu omu mahali pamoja. Kwa birika letu, nusu omu hiyo inapitiwa na ampea 8.6 na kuzalisha wati 37. Chuma cha lehemu cha fundi redio, kinachoyeyusha risasi na bati, kina wati kati ya 30 na 40. Umekipachika ndani ya ukuta, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Na joto linazidi kuoksidisha mguso, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Mambo yanajivuta yenyewe hadi kwenye harufu ya plastiki inayoungua.

Soketi hiyohiyo ukichomeka chaja ya simu hutaona lolote. Chaja inavuta kama ampea 0.05, 0.05 × 0.05 × 0.5 ni sehemu ya elfu ya wati. Ndiyo maana mwenye nyumba hukataa kwamba soketi ina tatizo, "mbona nachajia simu kila siku?" Mkondo umepungua mara 170 hivi, joto limepungua karibu mara 30,000. Mraba hauna huruma upande wowote ule.

Waliofunga sola ya volti 12 wanakutana na mraba huu kwa mlango mwingine. Mzigo wa wati 60 kwa volti 12 unahitaji ampea 5. Fundi akitumia waya wa milimita 1.5, ule wa taa za kawaida, kutoka betri hadi banda lililo mita 20, kwenda na kurudi ni karibu nusu omu. Volti zinazopotea ni 2.4. Kwenye nyumba ya volti 230 volti 2.4 hakuna atakayeziona. Kwenye volti 12 ni moja ya tano ya umeme wote, na taa zinafifia hata betri ikiwa imejaa. Mteja anabadilisha betri, anabadilisha taa, anamgombeza muuza paneli. Waya mnene zaidi ungemaliza kesi, au betri kusogezwa karibu na mzigo.

Na ndiyo sababu hiyohiyo inayofanya umeme wa Bwawa la Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, utoke Rufiji kwenda Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400. Nguvu ni volti mara ampea. Ukipandisha volti unapata ruhusa ya kushusha ampea. Umeme uleule ungesafirishwa kwa kilovolti 33, kama laini zinazopita vijijini, mkondo ungekuwa mkubwa mara 12 na joto la nyaya mara 147 kwa nyaya zilezile. Haiwezekani kabisa. Nguzo zile ndefu zinazotisha zinatokana na tarakimu ndogo 2 iliyo juu ya I.

Pale testa inapokudanganya

Fundi chipukizi akishaipenda kanuni ya Ohm hutaka kuitumia kwa kila kitu, na balbu ya uzi ndiyo humrudisha darasani. Balbu ya wati 60 kwa volti 230 inatakiwa iwe na omu 882. Ipime ikiwa mezani: testa, yaani multimita, inasoma 60 au 70 tu. Ukiingiza omu 65 kwenye V² ÷ R unapata wati 814, kutoka balbu inayotoshea kiganjani.

Testa haijaharibika, na balbu haijadanganya. Uzi wa tangsteni ukiwaka unafika nyuzi 2,500 hivi, na metali ikipata joto ukinzani wake unapanda. Kwa uzi huu unapanda zaidi ya mara kumi. Zile wati 800 zipo kweli, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kila unapobonyeza swichi. Ndiyo maana balbu hizo zilipenda kufa wakati wa kuwashwa. Kanuni ya Ohm ina sharti ambalo vitabu hulitaja mara moja na kulisahau: joto lisibadilike. Koili za mabirika na pasi hutengenezwa kwa aloi ya nikeli na kromu hasa kwa sababu ukinzani wake haubadiliki sana na joto, na ndiyo maana hesabu ya lebo ilitoka safi vile.

Mwili wa binadamu nao ni ukinzani, na wenye vigeugeu vingi. Msemo wa mtaani unasema kinachoua ni ampea, si volti. Ni kweli nusu, na nusu hiyo ni hatari. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea, lakini ukishika ncha zake kwa mikono mikavu husikii kitu, kwa sababu ngozi kavu ina maelfu ya omu na volti 12 hazina uwezo wa kuyasukumia mkondo. Weka spana juu ya ncha hizohizo, ambayo ukinzani wake ni karibu na bure, nayo itawaka nyekundu. Mkondo haujitokezi wenyewe. Ni volti gawa kwa omu. Kwa volti 230, ngozi ikiwa na unyevu, njia ya kutoka mkono hadi mkono inaweza kuwa na omu 1,000 hivi. Jibu ni ampea 0.23. Vifaa vya kukata umeme unaovuja, vile vyenye kitufe cha kujaribia, vimewekwa vijikate kwenye 0.03, maana zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Aliyepigwa shoti akiwa amevaa viatu vya mpira na akapona asije akamwambia mtu kwamba umeme wa nyumbani si mkali. Alipona kwa omu za viatu.

Jambo moja kuhusu testa, kwa aliyeinunua juzi. Ukiiweka kwenye omu, inatoa mkondo wake mdogo kutoka betri yake, inapima volteji, halafu inagawa. Hata yenyewe haina njia nyingine ila V ÷ I. Kwa hiyo usipime omu kwenye kitu chenye umeme. Volti unazipima kwa kugusisha testa kwenye ncha mbili za kifaa, ampea unazipima kwa kukata njia na kuiingiza testa katikati. Testa iliyowekwa kwenye ampea ina ukinzani wa karibu sifuri. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu mbili za soketi, umetengeneza shoti kwa mikono yako.

Bila testa

Mita ya LUKU, na za tokeni za Kenya hali kadhalika, ina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa kila uniti, au 1600. Ikiwa ni 1000, kila kupepesa mara moja ni jouli 3,600. Zima kila kitu, friji pia, washa birika peke yake, hesabu kwa dakika moja. Mipepeso 30 ni 30 × 3,600 ÷ 60, yaani wati 1,800.

Sasa una wati halisi, na ukinzani ulishautoa kwenye lebo: omu 26.17. Zidisha viwili hivyo, tafuta kipeuo cha pili, utapata volti 217. Umepima volteji ya nyumba yako kwa birika la chai. Mipepeso 20 ingekuwa wati 1,200 na volti 177, na hapo una la kumwambia mtu wa dawati la huduma kwa wateja zaidi ya "umeme mdogo". Usidai usahihi wa volti moja, kwa sababu viwanda huruhusiwa kupishana kidogo na lebo zao, lakini tofauti ya 217 na 177 haifichiki.

Tumia birika, pasi au jiko la koili kwa kazi hii, si friji wala televisheni. Televisheni, balbu nyingi za LED na chaja za simu zina saketi inayojirekebisha ili ipate wati zilezile. Volteji ikishuka zinavuta mkondo zaidi, kinyume kabisa cha birika. Ukigawa V kwa I utapata namba ya omu, lakini kesho namba hiyo itakuwa nyingine. Mota ya friji ina lake pia. Mkondo wake unachelewa nyuma ya volteji, kwa hiyo volti 230 mara ampea 1.2 zinakupa 276, na mita ya LUKU inahesabu wati 190 au 200 tu. Ile 276 inaitwa volti-ampea, VA, na ndiyo iliyoandikwa kwenye stabilaiza na inveta. Anayenunua stabilaiza ya friji kwa kutazama wati zilizo kwenye lebo ya friji atanunua ndogo, na hapo hata hatujahesabu mkondo wa mota inapoanza kuzunguka, ambao ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida.